Jagi Lenye Jina

Jumamosi ni zamu yangu ya kufungua makasha. Nafanya kazi ya kujitolea katika duka la hisani hapa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Watu wanaleta vitu wasivyovitaka tena, sisi tunaviuza kwa bei ya kutupa, pesa zinaingia kwenye sadaka. Mzee akifariki, watoto wake huja na gari limejaa, wakashusha kila kitu mlangoni na kuondoka mbio. Katika makasha hayo kuna kitu kimoja ambacho hakikosi kabisa, nacho ni kikombe cha harusi ya Charles na Diana.

Sitii chumvi. Stoo kuna rafu nzima. Nyuso mbili ndani ya shada la maua, nembo, utepe, tarehe 29 Julai 1981, ukingo wa dhahabu, na chini muhuri wa kiwanda cha Staffordshire. Tunaviuza pauni moja moja na bado vinakaa mpaka tunavipangusa vumbi. Mkuu wa zamu amepiga marufuku kuweka zaidi ya viwili dirishani, anasema vikizidi hapo duka linafanana na matanga.

Kimoja nilipewa bure wiki yangu ya kwanza. Nikakitia maziwa, nikakisukuma ndani ya maikrowevu ya pale dukani, na haukupita muda zikaruka cheche kama mtu anachomelea geti. Ule ukingo ni dhahabu kweli, ingawa ni utando tu, na maikrowevu haina mswalie Mtume mbele ya madini. Kikombe hakikupasuka. Kilibaki na doa jeusi ukingoni, juu kidogo ya nywele za Diana, na mpaka leo ndicho ninachonywea chai nikiwa zamu.

Nilipomsimulia mama kwa simu, kilichomshughulisha hakikuwa cheche. Nilikuwa nimetaja kwamba kauri ile nyembamba ya Kiingereza, inayopenyeza mwanga ukiinua kikombe dirishani, huchanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe. Karibu nusu yake ni mifupa, iliyobaki ni udongo mweupe na jiwe la Cornwall. Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Ng'ombe aliyechinjwa na nani?" Nikamwambia tangu enzi za mfinyanzi Josiah Spode, mwishoni mwa karne ya 18, sijasikia aliyeuliza. "Basi mimi nauliza." Buli na vikombe sita nilivyokuwa nimemwekea vikaishia kwa jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye alifurahi bila maswali.

Nilidhani nimeshavizoea vyombo vya watu hawa, mpaka siku kasha moja lilipotoa jagi. Lilikuwa limezongwa gazeti, kimo chake kama shubiri moja, mdomo umemeguka kidogo, mkono umeungwa kwa gundi ya zamani iliyogeuka rangi ya asali. Rangi yake ndiyo iliyonishika. Ni ya waridi, lakini imejaa madoa na vijiduara, kama povu la beseni ulimofulia nguo nyekundu inayochuja. Ukiligeuza kwenye mwanga linakupa mng'ao wa zambarau kwa mbali, ukilirudisha unapotea. Pale kwenye mkono ambapo dole gumba hukaa, rangi imeliwa hadi weupe wa chini ukatokeza. Ubavu mmoja una picha ya daraja la chuma, na meli inapita chini yake milingoti imesimama. Ubavu wa pili una ubeti wa baharia anayeaga.

Nikausoma. Halafu nikacheka peke yangu mle stoo, kwa sababu nilichokishika kilikuwa kanga.

Nieleze. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Jagi lile lina pindo, ndiyo hayo mawimbi ya waridi yanayozunguka. Lina mji, nao ni daraja. Na lina jina, limewekwa ndani ya fremu yake ya majani, linasema (natafsiri kwa kukadiria) kwamba ni tamu iliyoje nyoyo mbili kukutana, ila uchungu wa kutengana huja ukachanganyika na utamu huohuo. Baharia wa kununua jagi kama hili hakuwa na shida ya chombo cha maziwa. Alitaka kitu cha kukabidhi, kama mtu anavyokupa doti ya kanga akakaa kimya, ukaikunjua mwenyewe ukasoma alichoshindwa kukitamka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda jumba la makumbusho la Sunderland, ambako wana makabati yamejaa. Yapo majina ya kuaga na ya kuapa. Yapo ya kutisha pia, kama vile vibao vya kutundika ukutani, vyenye fremu ya waridi, vinavyokuambia kwamba Mungu anakuona, na vingine kwamba ujiandae kukutana na Mola wako. Hebu fikiria unakunywa uji chini ya kibao hicho kila asubuhi. Kuna jina linalomwomba mpokeaji amkumbuke aliyempa, na walimwengu waseme watakavyo. Hilo ungelitia leo kwenye kanga, pale Biashara Street, Mombasa, lingeuzika kando ya "Wache waseme" bila mtu kushtuka. Na wafinyanzi wengine walipenda mzaha tu, ndani ya kikombe cha bia wakagandisha chura wa udongo, mnywaji asimwone mpaka bia ishuke.

Daraja la kwenye picha lilikuwepo kweli. Ni la Wearmouth, lilifunguliwa mwaka 1796, tao moja la chuma cha kusubu lenye upana wa mita 72 hivi, limeinuka kiasi cha meli kupita bila kushusha milingoti. Watu wa hapa walijivunia daraja lile kama mtoto aliyehitimu, wakaliweka kwenye kila chombo. Picha ilichongwa kwenye bamba la shaba. Bamba likapakwa wino, karatasi laini ikalazwa juu, kisha karatasi ikabandikwa kwenye chombo na kusuguliwa. Ndiyo maana utakuta daraja lilelile limeambatana na ubeti tofauti, maana mabamba yalikuwa mengi na yalipangwa yalivyopangika. Rangi zikafuata kwa mkono, na kwa haraka. Kwenye jagi letu kijani cha mti kimevuka mpaka na kumwagikia mtoni.

Ule mng'ao huitwa lasta. Dhahabu huyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi mbili, ya nitriki na ya hidrokloriki, ambao tangu zamani unaitwa maji ya kifalme, kwa kuwa ndio unaoimudu dhahabu. (Katika jagi la baharia, ufalme wote umo humo.) Ikipakwa nyembamba juu ya chombo cheupe na kuchomwa upya kwa moto mdogo kuliko ule wa kwanza, dhahabu inatoka waridi. Dhahabu hiyohiyo juu ya udongo wa kahawia inatoka rangi ya shaba. Platinamu inatoka fedha. Yale madoa na vijiduara ni kazi ya mafuta. Fundi anayarashia juu ya rangi mbichi, moto ukayafanya yatokote na kupasuka.

Lasta ya fedha ilikuwa ya watu wa kujikweza. Buli la udongo linapakwa platinamu gubigubi, ukiwa mbali huwezi kujua kama si fedha mpaka uligonge kwa ukucha. Ikafika miaka ya 1840, mafundi wakawa wanapaka fedha yenyewe juu ya madini rahisi kwa kutumia umeme, na buli la kujifanya likakosa wa kudanganya.

Nisiwape Waingereza sifa isiyo yao. Kung'arisha udongo uonekane madini kulianza Iraki katika karne ya 9, enzi za Bani Abbas. Wafinyanzi walichora kwa fedha na shaba juu ya chombo kilichokwisha kuiva, wakakirudisha tanurini na kuunyima moto hewa mpaka moshi ufanye kazi yake. Vigae vya namna hiyo bado vimezunguka mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia. Ufundi ukaenda Misri, Uajemi, Andalusia. Wa Sunderland walipita njia nyingine ya kemia, lakini tamaa ilikuwa ileile, chombo cha maskini king'ae kama cha tajiri.

Wala sisi wa pwani hatuna ubavu wa kumcheka mtu. Nyumba za kale za Lamu zina zidaka, ukuta mzima wa vijishubaka vya chokaa, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuonyesha sahani na bakuli za ng'ambo ambazo hakuna aliyezilia. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za Kichina. Na marehemu bibi yangu, pale Mji wa Kale, alikuwa na kabati la vioo ambalo ufunguo wake ulifungwa kwenye pindo la leso yake. Vikombe vya mle vilitoka Idi mbili tu kwa mwaka, na sisi wajukuu tuliambiwa tuvitazame kwa macho.

Kuna mahali lasta na harusi za kifalme zilipokutana. Binti mfalme Charlotte, mtoto pekee wa George aliyekuwa akitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, aliolewa na Leopold wa Saxe-Coburg tarehe 2 Mei 1816. Watu walimpenda kuliko walivyompenda baba yake, ambalo halikuwa jambo gumu. Wafinyanzi wakatoa majagi yenye sura za maharusi zimeinuka juu ya udongo, zimenakshiwa kwa lasta ya waridi. Novemba 1817 Charlotte akafariki saa chache baada ya kujifungua mtoto aliyezaliwa mfu. Viwanda vikageuza mkono, zikatoka seti za chai, waridi ileile, sasa zikiwa na picha ya kaburi na mwanamke anayelia. Miezi 18 baina ya jagi la harusi na kikombe cha tanzia. Nadhani kuna rafu za jikoni zilizobeba vyote viwili.

Na huyo bwana harusi? Mwaka 1831 akawa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji. Akaoa tena, akapata mtoto wa kiume, naye akamwita Leopold. Ndiye Leopold wa Pili, yule wa Kongo, wa mpira na mikono iliyokatwa. Siku nilipoyaunganisha hayo nilikuwa mbele ya kabati la vioo la mkusanyaji mmoja, natazama uso wa kijana mwenye nywele za mawimbi kwenye jagi la waridi, na nikashindwa kuendelea kulisifu.

Vyombo vya kifalme vilivyofuata ni biashara ya kuwahi, na anayewahi hukosea. Edward wa Nane alipangiwa kutawazwa tarehe 12 Mei 1937. Desemba 1936 akauacha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, na vikombe vimeshatoka tanurini. Wateja wanaotuletea kimoja huja wamekikumbatia kama yai, wanadhani ni adimu kwa vile kutawazwa kwenyewe hakukuwepo. Kumbe vilishatengenezwa vingi mno, na siku ileile akatawazwa mdogo wake. Charles na Camilla walipanga kuoana tarehe 8 Aprili 2005. Papa John Paul wa Pili akafariki, mazishi yakaangukia siku hiyo, harusi ikasogezwa hadi kesho yake, na kauri ya watu imeshaandikwa tarehe 8. Adimu hasa ni vya Elizabeth na Philip, Novemba 1947. Baada ya vita, vyombo vya mapambo viliruhusiwa kuuzwa nje ya nchi tu, Mwingereza wa kawaida akanywea chai kwenye kikombe cheupe kitupu hadi 1952. Kikitokea cha mwaka ule kwenye kasha, hatukibandiki pauni moja.

Katika vyote vya 1981 kuna kimoja tu ninachokipenda kwa moyo wote, nacho ni cha Carlton Ware. Kikombe chenyewe ni kichwa cha Charles, na mkono wake ni sikio. Ukinywa unamvuta bwana harusi sikio. Hicho kina jina hata bila maandishi.

Vingine vyote nilivihukumu. Nikajitungia falsafa, nikaitembeza kwa kila aliyeketi karibu nami: jagi la baharia linasema, kikombe cha kifalme ni bubu. Jagi lilinunuliwa na mtu mwenye neno kwa ajili ya mtu anayemjua. Kikombe kilinunuliwa kwa ajili ya harusi ambayo mnunuzi hakualikwa. Nikafikia hata kunukuu kanga, "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Nikampelekea falsafa hiyo shangazi yangu, aliyeuza kanga tangu kabla sijazaliwa. Harusi za Windsor anazifuatilia, na William alimposa Catherine huko kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Oktoba 2010. Shangazi hajawasamehe. "Posa ifanyike kwetu, halafu kadi tusiione?" Akanisikiliza mpaka mwisho, nami namsikia anakunja nguo. Kisha akasema:

"Na kisutu je?"

Nikakosa la kusema. Kisutu, kwa asiyeijua, ndiyo kanga ya bibi harusi, ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya tangu zamani, na haina jina. Dukani kwa shangazi kanga zote zinasema, zinasuta, zinabembeleza, na katikati yao ile ya harusi imefumba mdomo. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote.

"Siku hiyo wenye kusema ni wengi, mwanangu," akasema shangazi. "Nguo nayo iseme ya nini?"

Nilikaa na jibu hilo wiki kadhaa bila kujua nilitie wapi. Halafu Jumamosi moja ya mvua akaingia bibi mmoja wa makamo ya miaka themanini hivi, mkongojo mkono mmoja, mkoba wa magurudumu mkono mwingine. Lafudhi yake haikuwa ya hapa. Alitoka Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya kauri huko Staffordshire, akasema, amehamia kwa binti yake. Hakutazama rafu. Alitazama kikombe changu cha chai pale kaunta, akakinyakua hata chai haijaisha.

"Nani kaunguza dhahabu ya watu?"

Nikakiri. Akatikisa kichwa, akamimina chai yangu kwenye chungu cha ua la plastiki bila kuomba ruhusa, akakipindua kikombe. Chini, pembeni mwa muhuri wa kiwanda, kuna alama ndogo ya brashi ambayo nimekuwa nikiiosha miaka miwili nikidhani ni tone lililodondoka. Ni mstari na vitone viwili. Bibi akaiweka chini ya kidole.

"Hii si yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta koti lake kwenye misumari ya watu wengi. Yake ilikuwa msalaba wenye mkia. Alipaka dhahabu miaka 26. Kila mpakaji alikuwa na alama yake, kwa sababu walilipwa kwa hesabu ya vipande, na kikombe kikirudi na kasoro ijulikane cha nani.

Akanionyesha. Akakiweka kikombe juu ya kiganja cha kushoto kana kwamba kiganja ni kile kigurudumu walichokizungusha, akainua kidole cha kulia kama brashi. Brashi haitembei, akasema. Brashi unaituliza, kikombe ndicho kinachotembea. Dhahabu yenyewe ikiwa mbichi ni rangi ya kahawia, kama molasi, wala huoni kitu cha kujivunia mpaka itoke tanurini. Mwaka ule wa harusi walifanya kazi hadi usiku, meza ndefu ya wanawake peke yao, redio inapiga, na nyuso zilezile mbili zinapita mbele yao mpaka wakawapa majina ambayo hakunitajia.

Nikamuuliza kama aliitazama harusi yenyewe. Alilala, akasema. Siku ile ilikuwa ya mapumziko, akalala mpaka saa nane mchana.

Alikuwa akikizungusha kikombe polepole bado, ukingo karibu na miwani yake. Akapita doa langu jeusi, akapita juu ya kichwa cha Charles, akasimama. Akanivuta niangalie. Mstari wa dhahabu, ambao siku zote niliuona umenyooka, una mahali umeyumba, kiasi cha unene wa uzi, kisha ukarudi kwenye njia yake.

"Hapa," akasema, "kuna mtu alimchekesha."